Uwanja Mkuu wa Meksiko na Mashahidi Wake

Kuna viwanja vya miji vilivyojengwa kwa mawe tu, na kuna vilivyojengwa kwa mawe na maneno pamoja. Uwanja mkuu wa mji wa Meksiko, ambao wenyeji wake huuita Zócalo, ni wa namna ya pili. Urefu wake ni kadiri ya mita 240, na upana wake kadiri ya mita 220. Kaskazini yake limesimama Kanisa Kuu. Mashariki yake, Ikulu ya Taifa. Kusini yake, majumba ya serikali ya mji. Na magharibi yake, maduka yenye baraza za matao. Mtu mwenye miguu mizima huuvuka kwa dakika chache. Lakini atakaye kuuvuka katika vitabu hana budi kupita karibu miaka mia tano ya barua, mazungumzo, mashairi, shajara na taarifa, na kila mwandishi atakayemkuta njiani atamwapia kwamba aliuona uwanja kama ulivyokuwa.

Makala haya yanakusudia kuwapima baadhi ya mashahidi hao. Kadhi mwema humwuliza shahidi maswali mawili kabla ya kulikubali neno lake: ulisimama wapi ulipoona, na ulimwona nani? Maswali hayo hufaa katika uhakiki wa maandishi kama yafaavyo katika hukumu, kwa maana mwandishi naye ana mahali asimamapo, na mahali hapo humwonyesha mambo fulani na kumficha mengine. Uzuri wa lugha hauwezi kulijibu swali la kwanza, wala sifa ya mwandishi haiwezi kulijibu la pili.

Mahali penyewe palikuwa pa watu kabla ya kuwa uwanja wa Wahispania. Wamexica, ambao vitabu vingi huwaita Waazteki, walijenga mji wao wa Tenochtitlan juu ya kisiwa katika ziwa la Texcoco. Mapokeo huweka mwanzo wake katika mwaka wa 1325. Hernán Cortés aliingia humo tarehe 8 Novemba 1519 akapokewa kama mgeni, na tarehe 13 Agosti 1521 aliuteka, baada ya ndui kuwadhoofisha watu wake na njaa ya kuzingirwa kuwamaliza. Alonso García Bravo, aliyepewa kazi ya kuupima mji mpya, hakukuta mahali patupu. Njia kuu zilizopita juu ya maji kwenda nchi kavu zilikuwako, mifereji ilikuwako, magofu ya hekalu kuu na ya majumba ya Moctezuma yalikuwako. Mahali pa jumba moja la Moctezuma Cortés alijijengea nyumba yake, ambayo baadaye iligeuka kuwa jumba la Makamu wa Mfalme, na mawe ya mahekalu yaliingia katika msingi wa kanisa la kwanza. Mtawa Motolinía, mmoja wa Wafransisko kumi na wawili waliofika Meksiko mwaka wa 1524, aliihesabu kazi ya kuujenga mji huo kuwa pigo la saba kati ya mapigo kumi yaliyowaangukia wenyeji. Alieleza kwamba wenyeji walijitafutia vifaa vya ujenzi wenyewe, wakawalipa waashi na maseremala wenyewe, na asiyekuja na chakula chake alifanya kazi na njaa. Basi jiwe la kwanza la uwanja lilikuwa deni, na deni hilo halikuandikwa katika mpango wa mji.

Sheria ya viwanja ilikuja baadaye. Mwaka wa 1573 Mfalme Felipe wa Pili alitoa amri zake juu ya kuanzisha miji katika nchi alizozitawala ng'ambo ya bahari. Uwanja, zilisema amri hizo, uwe ndio mwanzo wa mji. Urefu wake uwe angalau mara moja na nusu ya upana wake, kwa kuwa kipimo hicho chafaa kwa sherehe za wapanda farasi. Usipungue futi 200 kwa 300, wala usizidi futi 532 kwa 800. Na kandokando yake pawe na baraza za matao kwa ajili ya wafanya biashara. Uwanja wa Meksiko ulikuwa umekwisha kutimiza miaka hamsini wakati huo, na umbo lake ambalo karibu ni mraba halikufuata kipimo cha Mfalme. Sheria ilikuwa imejifunza kwa uwanja kabla ya kuwafunza wengine. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki haoni mkono huo kwa mara ya kwanza, kwa sababu Ngome ya Yesu ya Mombasa ilianza kujengwa mwaka wa 1593 katika enzi ya mfalme huyohuyo, ambaye wakati huo alikwisha kuvaa na taji la Ureno. Hapo Mombasa alitaka ngome ya kulinda bandari. Kule Meksiko alitaka uwanja wa kuonyesha utawala. Na neno moja katika amri zake lafaa kukumbukwa na mhakiki: kipimo cha uwanja kilichaguliwa kwa ajili ya mtu aliye juu ya farasi.

Shahidi wa kwanza ni mtekaji mwenyewe. Katika barua yake ya pili kwa mfalme wake, ya tarehe 30 Oktoba 1520, Cortés alilieleza soko la Tlatelolco, upande wa kaskazini wa mji, kuwa na ukubwa mara mbili wa uwanja wa Salamanca, lenye kumbi pande zote, na lenye watu zaidi ya 60,000 kila siku wakiuza na kununua. Uwanja wa Salamanca anaoutaja si ule uonekanao leo, ambao ulijengwa kati ya mwaka wa 1729 na 1755. Lakini kipimo chake kinaeleweka. Bernal Díaz del Castillo, askari wake, aliyeandika akiwa mzee katika Guatemala na ambaye kitabu chake kilipigwa chapa Madrid mwaka wa 1632, baada ya kufa kwake, alisema kwamba walikuwamo miongoni mwao askari waliofika Konstantinopoli na Roma, nao walikiri kwamba hawajapata kuona soko lenye watu wengi na mpango mzuri kama lile. Ushahidi huu una uzito wa pekee, kwa sababu ni wa adui. Wote wawili waliuona utaratibu wa watu wengi waliojipanga wenyewe bila ya kupangwa na mfalme wa Hispania. Yafuatayo katika maandishi ya karne tatu ni habari ya jinsi utaratibu huo ulivyosahauliwa, hata umati uleule ukaja kuitwa fujo.

Mwanzo wa kusahau huko waonekana katika kitabu cha mwalimu. Francisco Cervantes de Salazar alifundisha ufasaha katika Chuo Kikuu cha Meksiko, kilichofungua madarasa yake mwaka wa 1553, na mwaka wa 1554 alichapisha mazungumzo kwa Kilatini ili wanafunzi wake wajizoeze lugha hiyo. Katika baadhi ya mazungumzo hayo wakazi wawili wa mji, Zuazo na Zamora, wanamtembeza mgeni aitwaye Alfaro. Wanakuja uwanjani wamepanda farasi, kwa njia ya Tacuba. Mgeni anastaajabu kwa ukubwa wa uwanja, kwa unyofu wake, na kwa majumba yaliyouzunguka. Na pia anasikitika kwamba mji wenye sifa kubwa hivyo umejenga kanisa dogo na duni mahali ambapo kila mtu analiona. Mazungumzo haya ni mazuri. Sentensi zake zimenyooka kama njia anazozisifu, na mwanafunzi aliyeyakariri alijifunza Kilatini na mji wake kwa pamoja. Lakini umati wa soko, uliomshangaza Cortés, umepungua na kuwa sababu tu ya ukubwa wa uwanja: ni mpana kwa kuwa ndipo vitu vyote viuzwapo.

Hata hivyo mwalimu huyo aliacha neno moja la kweli ambalo pengine hakuujua uzito wake. Wasafiri hao wanapofika mahali ambapo vibanda vya wenyeji vyaonekana, mmoja wao anaeleza kwamba vibanda hivyo ni duni na vinainuka kidogo tu juu ya ardhi, ndiyo maana hawakuviona walipokuwa wakipita juu ya farasi kati ya majumba yao. Uhakiki wote wa kitabu unaweza kuwekwa juu ya neno hilo. Mtu wa juu ya farasi ameungama kwamba urefu wake ndio uliomnyima kuona. Cervantes de Salazar aliandika kwa uaminifu kile kilichoonekana kutoka kwenye tandiko, na akaandika vilevile kwamba kutoka kwenye tandiko si kila kitu huonekana. Shahidi wa namna hiyo hapotoshi. Anayepotosha ni msomaji anayesahau kumuuliza alisimama wapi.

Bernardo de Balbuena hakuwa na ungamo la namna hiyo. Utenzi wake juu ya ukuu wa Meksiko, uliopigwa chapa mwaka wa 1604, ni barua kwa bibi mwenye cheo, Doña Isabel de Tovar y Guzmán, aliyetaka kujua mji ulivyo kabla ya kuhamia. Balbuena anampa farasi, majumba, hariri, vito, bustani, elimu na utawala mwema, na kila kitu kinakuja kwa mtiririko wa vina kama maji ya mfereji. Ni kazi ya fundi, na wanaoipenda wana haki ya kuipenda. Lakini katika ukuu wote huo mwenyeji wa nchi anatajwa kwa shida, na anapotokea mwishoni hupewa sifa ya ubaya wa sura na kazi ya kutoa kodi. Kosa la Balbuena halikuwa uongo, maana hariri ilikuwako na farasi walikuwako. Kosa lake ni kwamba alisimama katika ukumbi wa wageni, mahali ambapo vitu hufika bila ya mikono iliyovileta. Mshairi aliyewaona wauzwa na wauzaji kuwa pambo la bidhaa hawezi kushangaa siku ambayo pambo litashika jiwe.

Wakati Balbuena akisomwa, mtu mwingine alikuwa akiandika katika mji uleule kwa lugha nyingine. Domingo Chimalpahin, aliyezaliwa mwaka wa 1579 katika nchi ya Chalco, alihudumu katika kanisa dogo la San Antonio Abad, upande wa kusini wa mji, na aliandika shajara yake kwa Kinahuatl, lugha ya Wamexica na jamaa zao, akitumia herufi za Kilatini. Hakuwa na farasi wa kumwinua wala bibi wa kumfurahisha. Aliandika maandamano ya dini, mafuriko, tetemeko la ardhi, kupatwa kwa jua mwaka wa 1611, na kufika kwa wageni kutoka Japani. Na aliandika habari ya tarehe 2 Mei 1612. Katika majira ya Pasaka ya mwaka huo uvumi ulikuwa umeenea kwamba watu weusi wa mji, watumwa na walio huru, walikuwa wakifanya njama ya kuwaua Wahispania na kuitwaa nchi. Hofu ilifunga makanisa na njia. Kisha watu thelathini na watano walinyongwa katika uwanja mkuu mbele ya macho ya mji mzima. Chimalpahin aliwahesabu: wanaume ishirini na wanane, wanawake saba.

Hesabu hiyo ndogo yastahili kuwekwa mbele ya wanafunzi wa fasihi. Chimalpahin hakutumia tashbihi wala hakutoa hotuba. Aliandika uvumi kama ulivyosemwa, akaandika hukumu kama ilivyotekelezwa, na akaitenga idadi ya wanawake na idadi ya wanaume ili wasizame wote katika neno moja la jumla. Hakuwa ndugu yao kwa asili, wala hakujitia katika kuwatetea. Yamkini naye aliuogopa uvumi kama wengine. Lakini kwa kuwahesabu aliwafanya kuwa watu. Waafrika hao, ambao wengine walizaliwa ng'ambo ya bahari na wengine papo hapo Meksiko, hawamo katika utenzi wa ukuu wa mji. Wamo katika shajara ya mtu aliyetembea kwa miguu.

Shahidi anayefuata ni mgumu kuliko wote, na ndiye ambaye heshima ya wanachuoni imemlinda kwa muda mrefu. Carlos de Sigüenza y Góngora, aliyezaliwa mwaka wa 1645, alikuwa mwalimu wa hisabati katika Chuo Kikuu, mnajimu, mshairi, na mkusanyaji wa maandishi ya kale ya wenyeji. Jioni ya tarehe 8 Juni 1692 umati wa watu wenye njaa ulilichoma moto jumba la Makamu wa Mfalme, jumba la baraza la mji, na vibanda vya soko uwanjani. Sigüenza aliwaongoza watu waliopanda ngazi na kuvunja madirisha, wakaokoa nyaraka za baraza la mji kutoka katika moto. Kila mwanafunzi wa historia ya Meksiko ana deni kwake kwa usiku ule. Tarehe 30 Agosti ya mwaka huohuo alimwandikia Amiri Andrés de Pez barua ndefu juu ya ghasia hiyo, na barua hiyo imekuwa kisima ambamo wanahistoria huteka maji.

Ukiisoma barua hiyo kwa makini utaona kwamba imeandikwa na watu wawili katika mwili mmoja. Wa kwanza ni mtaalamu. Anaeleza mvua kubwa za mwaka wa 1691, mafuriko, ugonjwa ulioiharibu ngano mashambani, upungufu wa mahindi uliofuata, na jinsi watu walivyosongamana kwenye ghala la nafaka. Anaeleza pia kupatwa kwa jua tarehe 23 Agosti 1691: watu wakipiga mayowe, wachuuzi wakiacha bidhaa zao na kukimbilia Kanisa Kuu, naye akisimama na kipimo chake na darubini yake, akimshukuru Mungu kwa kumjalia kuona jambo la nadra. Mtaalamu huyo anajua kwamba kila jambo lina chanzo, na anamfikisha msomaji, hatua kwa hatua, kutoka mawinguni hadi shambani, na kutoka shambani hadi kwenye tumbo la mtu maskini.

Lakini moto unapowaka, mtaalamu anaondoka na mwenye nyumba anashika kalamu. Sigüenza anasema kwamba alikuwa nyumbani juu ya vitabu vyake. Alisikia kelele njiani, akazidhani ni za walevi kama ilivyokuwa desturi, wala hakufungua dirisha mpaka mtumishi alipomjia na habari. Tangu hapo njaa aliyoieleza vizuri hivyo inasahauliwa. Sababu sasa ni ulevi wa pulque, pombe ya utomvu wa mmea wa jamii ya mkonge, na ubaya wa moyo wa wenyeji wasio na shukrani. Mwanamke aliyebebwa na umati, ikisemwa kwamba alikufa kwa kupigwa penye ghala, anageuzwa kuwa hila. Anataja mwenyewe kwamba weusi, machotara na Wahispania maskini waliiba na kuchoma pamoja na wenyeji, lakini lawama anaiweka juu ya kichwa kimoja. Kwa ushahidi wa chuki ya kale anasimulia jinsi sanamu ndogo za udongo zenye sura ya Wahispania, zimechomwa kwa visu na mikuki, zilivyopatikana katika mfereji, mahali ambapo Wahispania walishindwa usiku ule wa mwaka wa 1520.

Hapa ndipo mhakiki anapaswa kutoa hukumu, wala asijifiche nyuma ya heshima. Imezoeleka kusema kwamba Sigüenza alikuwa mtu wa wakati wake, na kwamba haifai kumdai fikira za wakati mwingine. Utetezi huo haumfai, kwa maana hadaiwi fikira za wakati mwingine. Anadaiwa fikira zake mwenyewe za kurasa za kwanza. Mtu aliyejua kwamba jua hupatwa kwa sababu, na akawahurumia waliodhani ni ghadhabu, ndiye huyo aliyekataa kwamba umati huwaka kwa sababu. Aliufungulia mlango upelelezi wa anga, akaufunga mbele ya jirani yake. Na haikuwa kosa la karatasi tu. Baada ya ghasia watu walinyongwa. Wenyeji waliamriwa kuondoka katikati ya mji na kurudi mitaa yao ya pembezoni. Pulque ilipigwa marufuku kwa muda. Sigüenza mwenyewe aliombwa shauri juu ya mipaka ya utengano huo, naye aliutoa. Barua iliyoanza kwa mvua iliishia katika mpaka.

Hata hivyo barua ile isitupwe. Msomaji mwenye busara aisome kwa mikono miwili: kwa mmoja apokee hesabu ya mvua na nafaka, na kwa mwingine airudishe lawama kwa mwenyewe. Hata zile sanamu za udongo zasema zaidi ya alivyotaka zisemewe. Yeye alizileta kama ushahidi wa uovu. Leo zinasomeka kama maandishi ya watu wasiokuwa na mpiga chapa, walioweka kumbukumbu ya ushindi wao mmoja ndani ya maji.

Miaka mitatu baadaye mchoraji Cristóbal de Villalpando aliuchora uwanja. Picha yake ya mwaka wa 1695, ambayo imehifadhiwa Uingereza katika jumba la Corsham Court, inauangalia uwanja kutoka juu, upande wa magharibi, mahali ambapo hapana mtu awezaye kusimama ila kwa mawazo. Mbali, mlima Popocatépetl unatoa moshi. Chini yake limesimama jumba la Makamu wa Mfalme, na sehemu yake iliyoungua ingali wazi. Mbele yake kuna magari ya farasi, mabwana na mabibi, masoko ya mawe, vibanda vya nyasi, wauza matunda, wachukuzi wa maji, mamia kwa mamia ya watu, kila mmoja na kazi yake. Picha hiyo husifiwa kwa utulivu wake. Lakini mchoraji hakulifuta lile pengo jeusi ukutani. Balbuena angelifunika kwa vina. Villalpando aliliacha juu ya vichwa vya wote, na kwa kuliacha aliufanya utulivu wa soko uwe swali.

Pembeni mwa uwanja huo lilijengwa soko la mawe lililomalizika mwaka wa 1703. Liliitwa Parián, kwa jina la soko la Manila, kwa kuwa bidhaa za Asia zilizoletwa na merikebu za Ufilipino ziliuzwa humo. Liliporwa na umati mwezi Desemba 1828, na mwaka wa 1843 Jenerali Santa Anna aliamuru libomolewe. Karibu karne na nusu ya biashara iliondolewa ili uwanja uonekane safi.

Usafi huo ulikuwa umeanza zamani kidogo, na ndio uliomleta shahidi wa mwisho. Makamu wa Mfalme, Conde de Revillagigedo wa pili, aliwaondoa wachuuzi na kuamuru uwanja usawazishwe na kutandikwa mawe. Tarehe 13 Agosti 1790, miaka 269 kamili tangu kuanguka kwa Tenochtitlan, wachimbaji walikuta sanamu ya Coatlicue, yenye kimo cha karibu mita mbili na nusu, imevikwa nyoka. Tarehe 17 Desemba walikuta lile duara kubwa liitwalo Jiwe la Jua, lenye upana wa mita tatu na nusu na zaidi. Antonio de León y Gama, mnajimu, alichapisha maelezo ya mawe hayo mawili mwaka wa 1792. Katika maelezo yake kuna makosa: sanamu aliiita kwa jina la mungu mwingine, na matumizi ya duara aliyatafsiri kwa namna ambayo wataalamu wa baadaye hawakuikubali yote. Lakini aliinama. Alipima, alichora, alisoma maandishi ya Kinahuatl, na alitaka kuthibitisha kwamba waliochonga mawe hayo walikuwa na elimu. Kwa kuwa aliviweka vipimo vyake mbele ya watu, waliomfuata waliweza kumsahihisha. Sigüenza alikuwa na akili kubwa kuliko yake, na pengine kalamu bora. León y Gama alikuwa na adabu mbele ya kitu asichokielewa.

Jiwe la Jua lilitiwa katika ukuta wa mnara wa Kanisa Kuu, likakaa hapo hadi mwaka wa 1885. Coatlicue alipelekwa Chuo Kikuu. Wenyeji walipoanza kumjia na maua na mishumaa, wakubwa wa chuo walimfukia tena ardhini. Mwaka wa 1803 Alexander von Humboldt aliomba kumwona. Akafukuliwa, mgeni akamtazama, kisha akarudishwa ardhini. Yafaa wasomaji wa jarida la chuo kikuu walitafakari tendo hilo. Chuo kilekile ambacho mwalimu wake wa ufasaha aliungama kwamba hakuona vibanda kutoka juu ya farasi, na ambacho mwalimu wake wa hisabati aliokoa nyaraka kutoka katika moto, ndicho kilichozika jiwe kwa sababu maskini walilitambua.

Jina la leo la uwanja lina kejeli yake. Rasmi ni Uwanja wa Katiba, kwa ajili ya Katiba ya Cádiz ya mwaka wa 1812. Lakini mwaka ule wa 1843 Santa Anna aliagiza nguzo kubwa ya uhuru ijengwe katikati. Kilichojengwa ni kitako chake tu, na kitako kwa Kihispania ni zócalo. Nguzo haikuja, jina likabaki, na miji mingine ya Meksiko ikaviita viwanja vyake kwa jina hilohilo. Juu ya kitako kisichokuwa na nguzo watu waliendelea kusimama wenyewe. Tarehe 27 Agosti 1968 wanafunzi na wafuasi wao waliujaza uwanja. Usiku askari na magari ya vita yaliwaondoa. Tarehe 2 Oktoba damu yao ilimwagika Tlatelolco, mahali pa lile soko ambalo Cortés alilistaajabia. Elena Poniatowska alipokusanya sauti za walioshuhudia na kuzichapisha mwaka wa 1971, alifuata njia ya Chimalpahin kuliko ya Sigüenza: hakusema kwa niaba ya umati, aliwaacha watu wake waseme mmoja mmoja. Na tarehe 21 Februari 1978 mafundi wa umeme waliokuwa wakichimba karibu na uwanja walikuta jiwe la Coyolxauhqui. Uchimbaji uliofuata chini ya Eduardo Matos Moctezuma uliurudisha msingi wa hekalu kuu kwenye mwanga wa jua.

Kwa hiyo mashahidi wa uwanja huu hawawezi kupangwa kwa ufasaha wao. Wakipangwa hivyo, Balbuena na Sigüenza watakaa mbele, na mwandishi wa shajara ya Kinahuatl atakaa mlangoni. Wakipangwa kwa maswali ya kadhi, safu inageuka. Atakayekaa mbele ni yule aliyehesabu wanawake saba, na karibu naye yule aliyeinama kulipima jiwe, na mchoraji aliyeacha pengo la moto ukutani, na hata mwalimu wa Kilatini kwa ungamo lake moja. Sigüenza atapewa kiti cha heshima kwa nyaraka alizookoa, lakini atakaa hapo akiwa mshitakiwa, na kurasa za kwanza za barua yake ndizo zitakazomshitaki. Historia ya mji wowote uliojengwa juu ya mji mwingine husomwa vyema na msomaji aliyekubali kushuka kwenye farasi.